Rimoti ya alamu nayo ni ufunguo wa nyumba

Watu wengi wanapofunga alamu nyumbani huulizia ukubwa wa king'ora na idadi ya sensa, yaani vile vifaa vinavyohisi mtu akiingia. Fundi akimaliza anakabidhi rimoti mbili tatu zilizokuja ndani ya boksi, anaonyesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, analipwa, anaondoka. Kuanzia hapo usalama wa nyumba nzima unabebwa na kile kidude kinachoning'inia kwenye pete ya funguo, na hakuna anayekifikiria tena mpaka siku kitakapogoma. Nimeishi na alamu ya aina hii miaka kadhaa sasa, Kigamboni, kwenye nyumba isiyo mbali na bahari. Karibu kila usumbufu tulioupata haukutoka kwenye boksi la ukutani linaloongoza alamu wala kwenye sensa za milango. Ulitoka kwenye rimoti.

Kwetu tuko wengi. Kuna mimi na mume wangu, watoto, mama yangu mzazi ambaye miguu siku hizi haimsaidii sana, na dada wa kazi. Kila mmoja anatoka na kurudi kwa saa zake. Namba za siri za kubonyeza ukutani zilimshinda mama tangu mwanzo, na mtu aliyeingia na mizigo mikononi huku king'ora kinahesabu sekunde hubabaika sana. Rimoti ndiyo inayomfaa kila mtu. Yetu ina vitufe vinne: cha kufuli iliyofungwa kinawasha sensa zote, cha kufuli iliyofunguliwa kinazima, cha tatu kinawasha sensa za milango na madirisha tu, ili tulio ndani tuweze kwenda msalani usiku bila kuamsha mtaa, na cha nne kimeandikwa SOS, hicho kinapiga king'ora papo hapo hata kama alamu imezimwa.

Jambo la kwanza ambalo ningependa kila mwenye alamu alijue ni kwamba rimoti hizi za bei ya kawaida hutuma tu, hazipokei. Ukibonyeza, inarusha namba yake hewani kwa mawimbi ya redio, nyingi kwa megahezi 433, chache kwa 315. Boksi likiisikia namba ile na kukuta imesajiliwa, linatii. Haliirudishii rimoti jibu lolote. Kwa hiyo taa nyekundu inayowaka kwenye rimoti haisemi kwamba alamu imewaka. Inasema kitufe kimebonyezeka na kwamba betri bado ina chochote, basi. Jibu la kweli linatoka kwenye king'ora: kwetu mlio mmoja mfupi ni imewaka, miwili ni imezimwa. Nyumbani kwetu ni amri kwamba hakuna anayevuka geti kabla hajasikia ule mlio mmoja. Nafahamu nyumba zilizouzima mlio huo kwa kuwaonea haya majirani. Mimi nisingethubutu. Kama kelele ni kero, mwambie fundi aupunguze sauti au akufungie taa ndogo juu ya mlango inayowaka alamu ikiwa kazini, lakini usibaki huna njia ya kujua.

Dalili ya betri kuchoka karibu kila mtu huisoma vibaya. Tunasubiri taa ya rimoti ififie, na taa ile inaweza kuwaka vizuri wiki nyingi baada ya rimoti kupoteza nguvu. Kinachoanza kupungua ni umbali. Ulikuwa unazima alamu ukiwa getini, sasa inabidi ufike kwenye mti wa mwarobaini. Baada ya muda mpaka ukanyage baraza. Mwishoni unasimama mlangoni ukibonyeza mara tatu nne. Kwa sababu inakwenda taratibu, mwili unazoea, na watu wa nyumbani wanaanza kusema alamu imezeeka. Fundi mmoja tuliyemwita wakati huo alitaka tununue boksi jipya. Mume wangu akamwomba kwanza apime betri. Rimoti ile ilikuwa ya betri ya volti 12, na testa ilisoma chini kidogo ya 10. Ilipowekwa mpya, alamu ikaitika kutoka barabarani.

Ukipima, pima huku kitufe kimebonyezwa. Betri iliyochoka ikiwa imepumzika inaweza kuonyesha volti za kutia moyo, halafu zikaporomoka mara tu rimoti inapoanza kutuma. Betri bapa ya volti 3, ile yenye umbo la sarafu, ikiwa mpya husoma juu kidogo ya 3. Ikishuka karibu na 2.8 mimi naibadilisha, sisubiri.

Na betri zenyewe zinahitaji macho. Zile za volti 12 zinazofanana na betri ndogo ya redio ziko za aina mbili zinazochanganywa sana dukani, 23A na 27A. Urefu wake unakaribiana, lakini ya kwanza ni nene, milimita 10, na ya pili milimita 8. Ukiilazimisha nene kwenye nafasi ya nyembamba unapinda spring'i, na spring'i iliyopinda haishiki tena sawasawa. Za bapa nazo zina mtego wake. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2; CR2016 ina upana uleule lakini unene wa 1.6 tu. Muuzaji asiyekuwa na ya kwanza atakupa ya pili na kukuambia ni ileile. Itaingia, itawasha taa, halafu ikitikisika mfukoni itaachia. Nanunua zilizo kwenye pakiti iliyofungwa yenye tarehe, na sinunui zilizoning'inizwa kwenye meza ya nje zikipigwa jua kutwa. Kuna pia betri bapa zinazopakwa kitu kichungu ili mtoto akiiweka mdomoni aiteme. Ni jambo jema sana, ila kwenye baadhi ya vifaa ule mpako huzuia umeme kupita vizuri. Ukiweka betri mpya kabisa na rimoti ikawa kimya, jaribu ya aina nyingine kabla hujailaumu rimoti.

Ndani ya kila rimoti yetu, upande wa ndani wa mfuniko, nimebandika kipande cha plasta kilichoandikwa mwezi na mwaka wa kubadilisha betri. Ya mama nabadilisha kila mwaka hata kama haijatumika, kwa sababu betri inazeeka hata ikikaa bure, na rimoti yake ndiyo ambayo siku ikihitajika haitakiwi kusitasita.

Wanaoishi karibu na bahari wanaujua upepo wa chumvi unavyokula bati, nondo na friji. Rimoti nayo haiachi. Nafungua zetu kwa bisibisi ndogo ya nyota, mezani, juu ya kitambaa cheupe ili skrubu zisipotee. Mara ya kwanza kufungua ya mume wangu nilikuta spring'i ya betri imeota ukungu wa kijani kama shaba ya zamani, na pembeni yake unga mweupe mkavu uliosambaa mpaka kwenye saketi. Ule unga mweupe ni betri iliyovuja. Usiupulize na usiuguse kwa vidole vitupu. Unaloweka ncha ya pamba kwenye siki au maji ya ndimu kidogo, unapangusa, unasikia unavyochemka kwa mbali, halafu unasafisha kwa spiriti na kuacha pakauke. Kijani cha kwenye spring'i kinatoka kwa kusugua na raba ya kufutia penseli. Spring'i ikianza kung'aa, ivute kidogo sana kwa ncha ya bisibisi ili ikandamize betri vizuri.

Chini ya vitufe kuna mpira wenye vidoto vyeusi. Vidoto hivyo ndivyo vinavyounganisha umeme ukibonyeza, na vinashika mafuta ya mikono, jasho na vumbi mpaka kitufe kinahitaji kukandamizwa kwa kidole gumba na kukunja uso. Pamba yenye spiriti inatosha. Usitumie petroli wala thina; vinakula mpira na plastiki. Kuna rimoti zisizo na vidoto, zina viswichi vidogo vya mraba vyenye miguu minne ambavyo hulia tik ukibonyeza. Hivyo vikichoka havisafishiki, vinabadilishwa, na fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaifanya kazi hiyo ukiwa umekaa kwenye benchi lake unamsubiri.

Rimoti iliyofuliwa ndani ya mfuko wa suruali inaweza kupona kama betri itatolewa upesi, kabla ya kujaribu kubonyeza. Ikiwa ilianguka kwenye maji ya bahari, isuuze kwanza kwa maji baridi safi ili chumvi itoke, kisha spiriti, kisha ikae kivulini siku kadhaa ikiwa imefunguliwa. Watu huifukia kwenye mchele. Mchele hautoi chumvi, na chumvi ndiyo muuaji.

Umbali una adui mwingine zaidi ya betri, nao ni mahali boksi lilipofungwa. Letu lilikuwa stoo, nyuma ya kabati la chuma, chini ya dari yenye bati, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na simtanki limejaa maji. Chuma na maji ndivyo vinavyoyameza mawimbi haya kuliko kitu kingine. Isitoshe, waya mwembamba wa antena uliotakiwa kuning'inia wima ulikuwa umeviringishwa na kusokomezwa ndani ili kazi ionekane nadhifu. Kwa megahezi 433 waya huo hukatwa kwa urefu wa sentimita 17 hivi kwa hesabu maalumu, robo ya wimbi lenyewe. Ukiukunja unaiziba masikio alamu yako. Tulipouachia ukanyooka, na boksi likahamishiwa kwenye korido, hatukununua kingine chochote. Kwa hiyo rimoti zote zikipoteza umbali kwa pamoja, angalia boksi. Ikipoteza moja tu, angalia betri yake.

Kisa kilichonifundisha kuliko vyote kilitokea jioni moja ya Ramadhani. Tulirudi kutoka kwa ndugu, alamu imewaka, tukabonyeza kuzima. Kimya. Rimoti yangu kimya, ya mume wangu kimya, na yake ilikuwa na betri mpya. Tulifungua mlango kwa ufunguo tukitegemea king'ora kitaanza kutukimbiza, nacho kikanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alamu ilikuwa imewaka, mlango umefunguliwa, na sensa ya mlango haijaripoti. Namba za siri za ukutani zilikubali vizuri. Nikampigia fundi wetu, kijana makini sana.

"Dada, namba za ukutani zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Basi boksi ni zima. Kuna kitu kinapiga kelele hewani. Toa betri kwenye rimoti zote, moja moja, kila ukitoa fungua mlango uone kama sensa inasikika."

Tukatoa. Yangu, ya mume wangu, ya dada wa kazi, ya mama. Hakuna mabadiliko. Iliyobaki ilikuwa ya mtoto wetu mkubwa, na begi lake la shule lilikuwa limetupwa nyuma ya kochi. Nilipolifungua niliona mwanga mwekundu kabla sijaiona rimoti yenyewe. Ilikuwa imebanwa kati ya mkebe wa hesabu na chupa ya maji, kitufe kimekandamizwa na kona ya mkebe, taa imewaka mfululizo bila kupepesa. Nilipoiinua tu, king'ora kikatoa mlio wake. Kila kitu kikarudi.

Fundi alinieleza kesho yake. Sensa zetu na rimoti zetu zote zinasema kwenye mawimbi yaleyale, na boksi lina sikio moja. Rimoti moja iliyobanwa inazungumza bila kuvuta pumzi, na wengine wote wanakosa nafasi. Kwa kawaida hali hiyo inakoma yenyewe betri ikiisha, na zile za volti 12 huisha kwa saa chache tu kitufe kikibanwa. Ndiyo maana watu wengi husema "jana alamu iligoma, leo imepona yenyewe" wasijue kilichotokea. Sikia sasa upande wa pili wa jambo hili: anachofanya mkebe wa hesabu, mwizi mwenye kifaa cha bei ndogo anaweza kukifanya kwa makusudi. Kuna maboksi yanayotambua kwamba hewa imezibwa na kutoa onyo. Ukinunua jipya, uliza kama linafanya hivyo na uombe uonyeshwe. Na hata likifanya, komeo na grili ziendelee kufungwa kama zamani.

Tangu siku ile rimoti za watoto ni zile zenye kifuniko cha kusukuma kinachoziba vitufe, na zinaning'inia nje ya begi, hazizami ndani.

Sasa nije kwenye namba yenyewe, maana hapa ndipo rimoti inapokuwa ufunguo hasa. Rimoti nyingi rahisi zina namba moja isiyobadilika maisha yake yote. Za zamani ziliwekwa namba kwa kuunganisha miguu ya chipu kwa risasi ya kuchomelea, miguu minane yenye hali tatu kila mmoja, jumla 6,561 tu. Za sasa zenye chipu ya aina ya EV1527 zimeandikwa namba kiwandani, na uwezekano unazidi milioni moja. Ni vigumu kukisia, lakini haihitaji kukisiwa. Aliye karibu na kifaa cha kurekodi akiinasa mara moja, anaweza kuirudia hewani na boksi likamfungulia kwa heshima zote.

Tiba yake ni rimoti zinazobadilisha namba kila unapobonyeza, ambapo iliyotumika haikubaliwi tena. Teknolojia maarufu ya namna hii, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, na kampuni ya Microchip ya Marekani ikainunua mwaka 1995. Imetumika kwenye magari na mageti mengi duniani. Nayo si ngao isiyotoboka. Mwaka 2015 mtafiti wa Marekani Samy Kamkar alionyesha kifaa kidogo kinachoziba mawimbi na kuhifadhi namba ambayo haijatumika. Bado, tofauti kati ya namba isiyobadilika na inayobadilika ni kubwa sana, na bei haitofautiani kiasi cha kumshinda mtu aliyekwisha kununua king'ora na sensa. Ukiwa nayo, ujue tabia yake moja: rimoti na boksi huhesabu pamoja. Mtoto akiichezea mbali na nyumba, hesabu ya rimoti inatangulia. Ikitangulia kidogo boksi linavumilia. Ikizidi, kwa kawaida mibonyezo 16, linataka ubonyeze mara mbili mfululizo ndipo liamini. Mtu asiyejua anadhani imeharibika na kukimbilia kununua.

Mitaani kuna mafundi wanaonakili rimoti kwa dakika chache. Mimi siwapelekei za alamu. Nakala inabeba namba ileile ya mama yake, kwa hiyo boksi haliwezi kuzitofautisha. Letu hutuma ujumbe kwenye simu likitaja rimoti iliyotumika: namba 1 ni yangu, namba 2 ya mume wangu, na kuendelea. Saa tisa alasiri nikisoma kwamba namba 4 imezima alamu, najua mtoto amefika nyumbani salama. Zikiwa mbili zenye namba moja, habari hiyo inapotea. Tena siku moja ikipotea, ukiifuta unaifuta na ya pili. Rimoti mpya halisi ya mawimbi yanayolingana, ikasajiliwa kwa nafasi yake, ndiyo njia.

Nina daftari dogo lenye orodha: nafasi gani, nani anayo, ilisajiliwa lini. Rimoti ikipotea, ndani ya daladala au popote, tunaifuta jioni ileile. Maboksi mengi ya bei ya chini hayafuti moja. Yanafuta zote kwa mkupuo, kisha unasajili upya moja baada ya nyingine. Soma kwanza kitabu chake, kwa sababu kuna yanayofuta na sensa zote kwa pamoja, na hiyo si kazi ya kuianza usiku. Baada ya kusajili, nabonyeza kila moja nisikie mlio. Na kama kuna iliyofutwa ambayo bado ninayo mkononi, naibonyeza hiyo pia, nihakikishe haikubaliki. Kwenye rimoti zetu hakuna jina, namba ya nyumba wala namba ya simu. Aliyeiokota asijue ni ya mlango upi.

Dada wa kazi akiondoka tunafuta na kusajili upya, hata akiondoka kwa wema na machozi. Jambo hili linaweza kumuumiza mtu akilifanyiwa ghafla, kana kwamba anashukiwa. Kwa hiyo siku ya kwanza ninapomkabidhi mgeni rimoti namweleza kwamba ndivyo tunavyofanya kwa kila mtu, na kwamba inamlinda yeye mwenyewe. Nyumba ikivunjwa baada ya yeye kuondoka, hakuna atakayeweza kumnyooshea kidole. Aliyetuaga mwaka jana ndiye aliyenikumbusha mwenyewe: "Mama, hujafuta yangu." Nilimheshimu sana kwa neno hilo.

Rimoti ya mama ina kamba na anaivaa shingoni. Nimeitafuta yenye kitufe cha SOS kilichozama kidogo, ili asikibonyeze kwa kujigeuza kitandani. Siku namfundisha aliishika muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, nikibonyeza hiki watu wakaja, nitawaambia nini?" Nikamwambia, "Mama, utawaambia umeanguka, au unaumwa, au umesikia kishindo. Hata ukiwaambia umeogopa tu, watakaa na wewe." Akasema basi vizuri. Wazee wengi hawabonyezi kwa kuogopa kusumbua watu, na rimoti nzuri kuliko zote haiwezi kuliondoa hilo. Linaondolewa kwa mazungumzo, na majirani wakiwepo kwenye mazungumzo hayo. Tuliwaita jirani wa kulia, wa mbele na mjumbe, tukawasikilizisha mlio, tukakubaliana nani anakuja kwanza na nani ana ufunguo wa akiba wa geti. Kengele za uongo tunazichunga kwa sababu hiyo hiyo. Ikilia bure mara kwa mara, mtaa unazoea, na siku ya kweli hakuna anayenyanyuka.

Kuna jambo moja ambalo kila mwenye mtoto mdogo nyumbani namwomba alichukulie kwa uzito wote. Betri bapa ikimezwa na kukwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imechoka kwa matumizi ya rimoti. Mtoto anaweza asionyeshe chochote zaidi ya kukohoa au kukataa chakula. Ukishuku, hospitali mara moja, wampige picha, usimtapishe. Kama amezidi mwaka mmoja, anaweza kumeza asali na hajatimiza saa 12 tangu aimeze, mnaweza kumpa vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika kumi mkiwa njiani, inapunguza kuungua, lakini safari isisimame kwa ajili ya asali. Rimoti zetu zote zina skrubu kwenye mfuniko. Yenye mfuniko wa kusukuma kwa ukucha haingii ndani ya nyumba hii. Betri kuukuu nazifunga kwa plasta pande zote mbili na kuziweka juu kabisa kabatini, kwenye kopo lenye kifuniko, mpaka nipate pa kuzipeleka.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, tunawaarifu majirani kisha tunajaribu. Nazima umeme kwenye swichi kubwa, nione kama betri ya ndani ya boksi inashika, maana umeme ukikatika ndipo wezi wanapopenda kutembea. Kila mtu anakwenda getini na rimoti yake, anawasha, anasikia mlio, anazima. Atakayelazimika kusogea karibu, betri yake inabadilishwa palepale. Wa mwisho ni mama, kwenye kiti chake barazani. Anabonyeza SOS, king'ora kinalia, na simu yangu, ya mume wangu na ya jirani wa mbele zinaita mfululizo. Zisipoita, mara nyingi laini ya simu iliyo ndani ya boksi imeishiwa salio. Naiongezea, narudisha umeme, na mama anabonyeza tena.